Ujumbe Uliobaki Juu ya Mpera

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, mlima hauonekani, halafu jua likatoka kwa mara moja, lile jua la Julai linalong'aa lakini ukiingia kivulini unatafuta sweta. Upepo hakuna. Siku nzuri ya kupura maharage.

Nimeandika "siku nzuri" halafu nikaiangalia hiyo siku nzuri hapo kwenye daftari, maana kabla ya saa sita mtu alikuwa ameshalia nyumbani kwangu. Lakini siifuti. Siku yenyewe haikuwa na kosa.

Mkwe wetu alikuja juzi pamoja na mwanangu, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kukaa kwetu zaidi ya usiku mmoja. Ni binti wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini. Baba yake ni fundi cherehani, na babu yake alitoka pwani na cherehani yake kichwani, ndivyo wanavyosimulia wenyewe. Wao ni Waislamu, sisi Wakristo, na ndoa ilifungwa bomani. Maneno yalikuwepo wakati ule, sitasema hayakuwepo. Yalitoka upande wao na yalitoka upande wetu, na ukipima, ya kwetu hayakuwa machache. Yalikwisha. Au tulidhani yamekwisha.

Leo asubuhi mwanangu alikwenda Kiwira kutafuta dawa ya ng'ombe. Mimi na mkwe tukatandaza maharage kwenye turubai hapo uani, tukashika fimbo. Baada ya muda akaenda kuchemsha chai, akamimina kikombe kimoja, akasema, "Mama, nampelekea baba kule bandani, baridi hii." Nikasema mpelekee. Kama kuna mahali nilipokosa ni hapo. Nilikuwa nawaza maharage.

Mzee wangu alikuwa anasafisha banda. Siku ya ndoa na siku nyingine walikutana katikati ya watu, na katikati ya watu mzee wangu anajua kupotea. Leo walikuwa wao wawili na ng'ombe. Mkwe akapiga goti vizuri, akasema, "Shikamoo baba," akanyoosha kikombe. Mzee akageuka akampa mgongo. Hakuitikia. Akasimama anamwangalia ng'ombe mpaka yule binti akaweka kikombe juu ya jiwe akarudi.

Mkwe alichukua fimbo yake akayapiga maharage kama yamemtukana. Halafu akaacha.

"Mama, baba hanitaki."

"Nani kasema?"

"Amenipa mgongo. Hata kuku akiingia ndani anaangaliwa, mama, ndipo anafukuzwa." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ni dini? Niambie tu. Nikijua, nitajua."

Mimi nikasema, "Ngoja." Neno hilo moja tu. Nikaingia jikoni kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Ningeweza kumjibu palepale, maana mgongo ule najua vizuri kabisa unasema nini. Lakini niliwahi kukabidhiwa maneno ya mkwe kwa mkwe, nikayaharibu. Na leo, mtu mzima mwenye mvi, nimesimama mbele ya mafiga nauogopa mdomo wangu. Ngoja nikueleze wewe unayesoma, kama upo. Mimi niliishia darasa la saba na kupanga mambo siwezi sana, kwa hiyo ukiona narudi nyuma, nisubiri.

Kwetu, nilipokuwa mtoto, mke wa mtu hakutazamana na baba mkwe wake. Si kwamba wamegombana. Ndiyo ilikuwa heshima. Mama yangu aliishi miaka zaidi ya kumi jirani kabisa na babu, yaani baba yake baba, moshi wa jiko la huyu unaingia kwa yule, na uso wake hakuuona ila mara moja tu. Babu akija njiani, mama anaiacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa akiangalia upande mwingine na kanga ameishusha mpaka puani. Babu naye anakohoa toka mbali kumpa nafasi. Ikitokea wamekaribiana, ni babu anayegeuka na kumpa mgongo mpaka apite. Mgongo ule ulikuwa unasema: pita mwanangu, sikutazami, njia ni yako.

Na walikuwa wanapendana. Hili nikiwaambia watoto wa siku hizi wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mama akipika mbalaga, zile ndizi zinazochemshwa na maharage mpaka zinaanza kusahau nani ni nani, bakuli la kwanza lilikuwa la babu. Anafunika na jani la mgomba lililobabuliwa motoni, ananipa mimi. Natembea polepole, vidole vinaungua, harufu inanipiga usoni, na njiani nilikuwa naruhusiwa, na nani sijui, kulamba kilichomwagika pembeni. Babu anakula hadi mwisho ndipo anasema, "Mwambie mpishi, leo chumvi imekaa mahali pake." Bakuli halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na gimbi la kuchemsha, au pande la sega la asali, au kipande cha muwa kimemenywa tayari.

"Amesemaje?" mama ananiuliza.

"Amesema chumvi imekaa mahali pake."

"Amesema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Anageukia chungu kana kwamba kinachemka, lakini mimi nilikuwa mfupi, nilimwona kutoka chini. Alikuwa anacheka.

Nisije nikadanganya kwamba ilikuwa raha tupu. Babu alikuwa mtu wa maneno. Akikutana na jirani njiani wanasimama, na mama yuko migombani na mdogo wangu mgongoni, mvua inaanza, inakolea, wao wanazungumza tu habari za ng'ombe aliyekufa mwaka juzi. Nilimwona mama akitetemeka. Kwa hiyo ninaposema naikumbuka ile heshima kwa hamu, sina hakika kama ninachotamani ni heshima yenyewe au ni ule utamu wa kuwa katikati, mimi mtoto wa miaka minane ninayetegemewa na watu wazima wawili. Labda ni hilo la pili.

Maana kazi ya katikati ilikuwa yangu. Si bakuli peke yake, hata njia. Mama akienda kisimani mimi natangulia na kopo langu na jiwe. Nikimwona babu nagonga kopo mara tatu, ngo ngo ngo, mama aliye nyuma anajua la kufanya. Nilikuwa hodari. Jirani yetu, mama mmoja mnene aliyependa utani, alikuwa ananiita Kengele ya Kanisa.

Siku ninayoisema ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka, siku kama ya leo, ndiyo maana jua lilipotoka leo niliikumbuka kabla hata jambo halijatokea. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi. Ukifagia uwanja huoni unakofagia, unasikia tu fagio lako, na kengele za shingoni mwa ng'ombe zinapita karibu na wewe bila ng'ombe. Tulikunywa uji wa ulezi tumeyazunguka mafiga, miguu majivuni. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa pote, nyumba nzima inafuka kama chungu. Kwa jirani kulikuwa na redio, moja tu kwa sisi wote, na Jumamosi aliiweka dirishani ili hata sisi tupate.

Halafu mlima ukatokea. Si wote, kwanza kichwa. Akina mama wakatoka jikoni kuota jua, kuku wakatoka, mama akaanika nguo kwenye nyasi zenye umande na zikaanza kutoa mvuke. Sisi watoto tulichukua maganda makubwa ya mgomba, tukakaa juu yake, tukateleza kutoka kwa jirani mpaka kwenye ukingo wa shamba la chai, tukarudi juu, tukateleza. Aliyeanguka tulimcheka, kisha tukaanguka sisi. Saa tano tulipewa ndizi mbivu za kuchoma majivuni, zilizopasuka na kutoa utomvu mtamu mweusi, na parachichi moja moja. Wakati ule parachichi lilikuwa la watoto na la nguruwe. Hakuna aliyelihesabu.

Nakumbuka niliwaza kwamba siku hii isiishe. Au labda nimeliwaza hilo baadaye na kuliweka pale. Siwezi kuapa.

Mama akaniita twende kisimani, safari ya tatu. Njia ilikuwa inapita katikati ya migomba ya babu, kisha inakata kona kwenye mpera. Mpera ule ulikuwa mkubwa, gome lake laini kama limepakwa mafuta, na mapera ya juu kabisa ndiyo yalikuwa yameiva. Harufu yake ilitufikia tukiwa bado tuko kisimani. Mama akawa anajaza debe kwa kata. Mimi nikatangulia na kopo langu.

Nilifika kwenye kona. Nikaangalia, hakuna mtu. Nikaangalia juu.

Nilisema moja tu. Kopo nikaliacha chini na jiwe ndani yake, nikapanda. Moja likawa mawili, lile la pili lilikuwa jekundu ndani. Juu pale niliona kila kitu: chai ya kijani mpaka mbali, mlima wazi, wasichana wa jirani wanateleza, na mama anapanda kutoka kisimani na debe kichwani, mikono yote miwili juu. Na upande wa pili nikamwona babu.

Sasa niwe mkweli kwa pande zote. Babu hakuwa anakohoa. Ndama wake alikuwa amekata kamba, na babu alikuwa anamnyemelea, ananyata kabisa, kamba nyuma ya mgongo, midomo ameibana asimshtue. Kwa hiyo naye alikuwa na kosa lake, na ndama alikuwa na la kwake. Lakini kazi ya kuangalia njia ilikuwa yangu, kopo lilikuwa chini, na mdomo ulikuwa umejaa pera. Nilijaribu kupiga kelele. Kilichotoka ni mbegu.

Walikutana uso kwa uso hapo kwenye kona.

Mama alikuwa na mikono juu, hakuwa na cha kujifunika. Aliachia debe. Debe lilianguka kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia bati limeanguka natafuta mti. Maji yakamwagikia yeye na njia, akakaa chini palepale kwenye tope, akavuta kanga iliyolowa usoni. Babu alishageuka. Alisimama akiuangalia mlima, fimbo mkononi, wima kama askari. Ndama akaja katikati yao akaanza kunywa maji ya mama kwenye nyayo.

Sijui ilikuwa muda gani. Kisha mama akainuka, akaokota debe, akakimbilia migombani.

Babu hakugeuka. Aliuambia mlima, "Ameondoka?"

Nikajua ananiuliza mimi. "Ameondoka, babu."

"Gwe, wewe, shuka."

Nilishuka na mapera mawili kifuani, ndani ya gauni. Nilitegemea fimbo. Babu alikaa juu ya kisiki, akamkamata ndama sikio bila hata kumtazama, kama mtu anayeshika mlango. Akasema maneno haya, nayakumbuka yote, katika siku ile nzima haya ndiyo ninayoweza kuapa: "Mwambie mama yako, kosa si lake. Ni langu na huyu ndama, na ni lako na mapera. Mwambie siku zote tumeishi vizuri na tutaishi vizuri. Hivyohivyo, usipunguze neno." Kisha akanyoosha kiganja. Nikampa pera. Akalila lote.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa nyuma ya nyumba, amelowa, hajabadilisha nguo. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

"Ulikuwa wapi? Mbona hukugonga?"

Nikasema, "Niligonga."

Lilitoka lenyewe. Mama akanitazama, akashika sikio lake, moja, kisha la pili. "Uligonga nami sikusikia," akasema polepole. "Nilikuwa nawaza nini mimi?"

Na hapo sasa ujumbe wa babu ukakwama. Angalia ulivyokwama: ndani yake kulikuwa na mapera. Nikiufikisha hivyohivyo mama atajua sikugonga. Nikipunguza mapera, nimepunguza neno. Mtoto wa miaka minane nilizunguka nao siku nzima, kisha nikauacha. Nikasema kesho.

Kesho yake mama aliweka jogoo mikononi mwangu, amefungwa miguu. "Mpelekee babu. Mwambie mama anaomba radhi, masikio yake yalikuwa mbali." Nilimpelekea. Babu alimwangalia jogoo muda mrefu.

"Ulimwambia nilichokutuma?"

"Nilimwambia."

"Chote?"

"Chote, babu."

"Na bado ameleta jogoo." Akatikisa kichwa. Alidhani mama hakumwamini. Nilimwona akidhani hivyo.

Ungesema baba angeweza kuwapatanisha. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai mbali na nyumbani, alirudi mwisho wa mwezi, na habari ya mkwe kumwona mkwe haikuwa ya kumweleza mwanaume. Basi ikabaki kwetu watatu, na katika watatu hao ni mmoja tu aliyekuwa anaijua yote.

Mama aliacha njia ya mpera. Kuanzia wiki ile alichota maji kwenye kijito cha bondeni, mteremko mkali, mara mbili ya umbali, ili asikutane tena na babu kwa bahati mbaya. Mimi nikatangulia na kopo langu katika njia ambayo babu hakupita hata siku moja. Bakuli liliendelea kwenda na kurudi. Halikurudi tupu. Lakini lile la chumvi likakoma. Babu alisema tu, "Mwambie asante." Mama aliuliza, "Amesemaje?" Namwambia, asante. "Basi?" Basi.

Siku moja babu aliniuliza, "Mama yako siku hizi anachota wapi?"

"Bondeni."

"Mbali."

"Ndiyo, babu."

Akaliangalia bakuli. Ningeweza kusema wakati ule. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na fimbo. Sikusema. Alifariki nikiwa darasa la sita, na mama alimlilia nje, nyuma ya migomba, kwa sababu hata pale hakutakiwa kumwona.

Mama nilimwambia nikiwa nimeshaolewa, tunamenya maharage mabichi. Nilimwambia yote, kopo, mapera, na maneno ya babu bila kupunguza. Alimaliza maganda yaliyokuwa mapajani. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka minne ile nimepanda mlima wa bondeni na debe, kwa sababu ya pera?"

"Mapera manne," nikasema. "Moja alikula babu."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Tutaishi vizuri. Alisema hivyo?" Nikasema alisema hivyohivyo. Hakusema amenisamehe, kwa hiyo siandiki kwamba alinisamehe. Alisema tu kwamba maji ya bondeni yalikuwa mazito, na kwamba babu alikuwa mtu mwema. Nimeyaandika yote mawili.

Sasa unaelewa kwa nini leo nilisimama jikoni.

Nilitoka nikaenda bandani. Mzee wangu alikuwa ameshakunywa chai, anakizungusha kile kikombe.

"Umemfanyia nini mtoto wa watu?"

"Nimemfanyia nini? Nimemheshimu."

"Analia huko. Anasema ni dini."

Alishtuka kweli, nilimwona. "Dini gani? Ingekuwa dini ningesema wakati ule wa maneno. Nilisema?"

"Hukusema." Na ni kweli hakusema. Waliosema ni wadogo zake, na mimi neno moja.

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Sema wewe, mimi napeleka."

Akakuna shingo. "Mwambie baba yangu hakuwahi kumtazama mkwe wake, na mimi nilipomwona amepiga goti mgongo uligeuka wenyewe, sikuutuma. Mwambie sikujua macho niyaweke wapi. Mwambie chai ilikuwa nzuri. Tangawizi ilizidi kidogo."

"Na hilo la tangawizi nimwambie?"

"Umesema unapeleka. Peleka."

Kutoka bandani mpaka uani si mbali, lakini nilitembea kama nimebeba bakuli la moto. Nikakaa kwenye turubai nikamwambia vyote kwa mpangilio aliousema mzee, na tangawizi ndani yake. Kisha nikamsimulia habari ya kopo na mpera, kwa kifupi kuliko nilivyokusimulia wewe. Alisikiliza, fimbo magotini.

"Tangawizi ilizidi?" akasema mwishowe.

"Kidogo."

"Kwetu ile ndiyo kidogo." Kisha akasema, "Heshima yenyewe inauma, mama."

"Inauma. Hata mama yangu ilimuuma."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza siku ya kutopunguza, nikamwambia na lile neno langu moja nililolisema wakati wa ndoa, kwamba mwanangu hakukosa wasichana wa kanisani. Nilikuwa naangalia maharage nikisema.

"Najua, mama. Lilinifikia siku ileile."

Lilifika bila mtu kutumwa. La babu lilikuwa na mjumbe na lilikaa miaka yote ile. Sina la kuongeza hapo.

"Lako hilo limekwisha," akasema, akainua fimbo. "Pura, mama, jua linakwenda. Na mwambie baba kesho nikileta chai nitakohoa toka mbali."

Nikaenda nikampelekea. Mzee akasema, "Asikohoe, atamshtua ng'ombe. Aje tu." Nikarudi nikasema aje tu. Nilikwenda na kurudi mara nne leo kati ya banda na uwanja, magoti yangu haya, na nikuambie ukweli nilikuwa nafurahi kama mjinga.

Mchana nilipita pale kwenye kona, maana niliolewa kijiji hikihiki. Mpera haupo, ulikatwa zamani. Kuna mistari ya miparachichi ya kuuza, na siku hizi parachichi si la watoto tena, likianguka linaokotwa kabla halijaguswa na kuku. Kisima kimefunikwa, maji yako bombani, mkwe wetu alijaza ndoo hapo uani akiongea na simu. Hakuna mwanamke anayeingia migombani kwa sababu mtu anakuja. Sioni ubaya. Mama angelipenda lile bomba kuliko mtu yeyote. Ila hakuna tena mtoto anayekimbia na bakuli moto kati ya nyumba mbili akikariri maneno ya watu wasiotazamana, na sijui nani siku hizi anafundishwa kubeba neno la mwenzake bila kulimwaga. Labda wanafundishwa mahali pengine. Mimi sijui kila kitu.

Jioni mwanangu alirudi na dawa. Nilikuwa na jogoo nimemtenga toka juzi kwa ajili ya mkwe, bado yuko hai, kwa sababu nilikuwa sijui nani amchinje ili naye aweze kula, na nilikuwa naona haya kuuliza. Leo niliuliza. Mkwe akacheka, akasema kaka yake anakuja kesho kutusalimia, atachinja yeye. Siku mbili nimemlisha jogoo bure kwa haya zangu.

Tulikaa sote jikoni kwa sababu ya baridi. Mzee alileta kigoda chake, akakaa kando ya mkwe, si mgongo, si uso. Ubavu. Alikula akiuangalia moto. Alipomaliza alinigeukia mimi, akaanza, "Mwambie mpishi..." kisha akaacha. Akakohoa. Akauambia moto, "Mkwe, chumvi iko sawa."

"Asante, baba," mkwe akasema.

Wote wawili wakaniangalia mimi, kwa mazoea tu. Sikuwa na cha kupeleka. Nikala. Zilikuwa ndizi za kupika na maharage mapya ya leo, parachichi limenyunyiziwa chumvi, na maziwa mgando.